Ubeti wa Kamba

"Rudia," Mwanaisha alisema. "Rudia nikusikie vizuri, kabla sijakuvika hii sufuria kichwani."

"Nimesema utenzi umeguswa."

"Hapana. Umesema baba yangu ndiye aliyeugusa. Ulianza na ubeti, sasa umefika kwa baba yangu. Ukimaliza hapo utakwenda kwa nani, Ramadhani? Utamfukua babu?"

"Babu yako ndiye ninayemfikia."

Mwanaisha aliitua sufuria kwenye majani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Magamba tangu asubuhi, na manyunyu yalikuwa ya aina ile isiyolowesha upesi lakini inayopenya hadi mifupani. Alitakiwa awe nyumbani. Wanawake walikuwa wanaingojea sufuria hiyo ya kuazima ili wapike wali wa hitima. Na huyu kijana, ambaye Mwanaisha alimngoja arudi likizo kutoka chuo cha ualimu mpaka akakosa hamu ya kula, alikuwa amemsimamisha njiani ili amtukanie ukoo.

"Miezi yote hiyo nakungoja," alisema. "Nilidhani utaanza kwa kusema umenikumbuka."

"Nimekukumbuka."

"Basi ungeanza na hilo!"

Ramadhani hakucheka. Alikuwa amekonda. Koti lake la chuo lilimning'inia mabegani kama la kuazima, na macho yake yalikuwa mekundu. Mwanaisha aliyatazama macho hayo, hasira ikampungua, kisha akajikasirikia kwa kupungukiwa na hasira.

Kila mwaka baada ya mavuno kijiji chao kilisoma hitima kwa ajili ya watu waliouawa na gogo wakati wa Mjerumani. Watu wazima wote walikijua kisa hicho. Wanaume walikuwa wanateremsha gogo la mti wa mwangati kutoka mlimani, wawili juu wameshika kamba iliyozungushwa kwenye kisiki, wengine chini wanaliongoza kwa miti. Mmoja wa wale wa juu akaiachia kamba. Gogo likashuka peke yake. Mwalimu mmoja wa Kurani kutoka Muheza, aliyekuwa akiishi nao milimani, akautungia msiba huo utenzi, na tangu hapo utenzi ulisomwa kila hitima. Msomaji mwanamume alisoma mishororo miwili ya kwanza ya kila ubeti, wanawake wakaitikia kwa miwili ya mwisho.

Utenzi ulisema aliyeachia kamba ni Mhina.

Kwa hiyo watu wa Mhina hawakupewa kamba. Watu wakivuta magogo au wakisimamisha nguzo za nyumba, watu wa Mhina walipewa shoka wabebe au uji wakoroge. Kamba, hapana. Ramadhani alikuwa mjukuu wa Mhina. Mwaka uliopita mjomba wake alipopeleka posa kwa Mzee Salimu, baba yake Mwanaisha, posa ilirudishwa siku ile ile na maneno juu yake: "Mwambieni simpi binti yangu mtu ambaye mkono wake hujifungua wenyewe."

"Chuoni kila mmoja wetu alitakiwa alete shairi la kwao, alichambue mbele ya wenzake," Ramadhani alisema. "Mimi nilipeleka utenzi wa kamba."

"Ukapeleka aibu yenu ubaoni?"

"Ndilo shairi ninalolijua. Nilianza beti za mwanzo. Kila mshororo mizani minane. Vina vitatu vinafanana ndani, cha nne kinamalizia kwa -ni, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtunzi yule alikuwa fundi, Mwanaisha. Hakuteleza popote. Halafu nikafika kwenye ubeti wetu, nikasimama na chaki mkononi, nikashindwa kuendelea. Mwalimu aliniuliza kama naumwa."

"Kwani ubeti huo una nini?"

"Nipe mikono yako."

Ramadhani hakuwahi kumshika mkono. Mwanaisha alitazama njia juu na chini. Palikuwa na ukungu tu. Akamnyooshea mikono yote miwili, na Ramadhani akavikunja vidole gumba akaviweka kando.

"Vidole vinane, mizani minane. Soma polepole. Mimi nitahesabu."

Mwanaisha alisoma kwa sauti ndogo, na kila silabi ilipotoka, kidole cha Ramadhani kiligusa chake kimoja.

"Go-go li-ka-ja ki-shi-ndo."

Vidole vyote vilikwisha.

"Ka-mba i-ka-e-nda mwe-ndo."

Vikaisha tena. Mikono ya Ramadhani ilikuwa na joto. Mwanaisha alitamani utenzi uwe na mishororo elfu.

"Sasa sehemu yenu wanawake," Ramadhani alisema. "Usivute sauti. Sema tu."

"Ka-i-a-cha M-hi-na."

Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilibaki hakijaguswa.

"Pale tunavuta," Mwanaisha alisema haraka. "Mhinaa. Baba alinifundisha tuvute kwa majonzi."

"Mnavuta kwa sababu pana pengo. Na kina je? Kishindo, mwendo, halafu Mhina? Mtunzi aliyepanga vina utenzi mzima, aje aangushwe na jina la mtu mmoja?"

"Labda jina ndilo lililomshinda. Angelipeleka wapi?"

"Kwenye ubeti wa juu yake halikumshinda. Waliokuwa juu walikuwa wawili tu, na aliwaweka wote mshororo mmoja. Usome."

Mwanaisha aliujua. Aliujua tangu akiwa anapakatwa. Mhina na Shekiondo. Mizani minane kamili, kina -ndo.

Shekiondo alikuwa babu yake, baba wa baba yake.

Hakutaka kujaribu, lakini mdomo ulijaribu wenyewe. Kaiacha Shekiondo. Jina lilikaa mahali pale kama kifuniko kwenye sufuria yake, bila kuvutwa, bila kusukumwa. Aliichopoa mikono yake.

"Hukusema hivyo mbele ya darasa?"

"Sikusema. Lakini leo nitasema. Baada ya hitima nitasimama mbele ya watu nihesabu kama nilivyokuhesabia."

"Ramadhani, baba yangu ni mzee. Utamvua nguo hadharani."

"Baba yangu alivuliwa tangu akiwa mchunga mbuzi. Mpaka anakufa alisema utenzi haukuwa hivyo, watu wakamcheka. Mama yangu leo atakaa wapi? Unajua atakapokaa."

Alijua. Mama yake Ramadhani, Bi Hadija, alikaa nje ya upenu kila mwaka, pale maji ya paa yanapodondokea. Hakuna aliyemfukuza. Ni kwamba kwenye mkeka nafasi haikuwahi kupatikana.

"Niache nikaseme na baba kwanza," Mwanaisha alisema. "Mimi, siyo wewe. Ukinipenda hata kidogo, usifungue mdomo mpaka nirudi."

Ramadhani alimtwika sufuria. Uso wake ulikuwa karibu sana na wake, na kwa muda hakuna aliyesogea.

"Nakupenda siyo kidogo," alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

* * *

"Haya, sufuria imerudi kutoka Muheza!" mwanamke mmoja alipiga kelele Mwanaisha alipoingia uani. "Tulidhani umeolewa huko huko."

Wenzake wakacheka. Mwanaisha aliitua, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaingia ndani.

Mzee Salimu alikuwa amekaa karibu na moto akifunga vifungo vya kanzu. Mama yake Mwanaisha alikuwa kwenye kigoda akipembua mchele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unatetemeka? Sogea motoni. Msomaji wangu akipata mafua, leo nitaitikiwa na nani? Na hawa wanaokoroma?"

Alisema kwa upendo. Mwanaisha ndiye mtoto wake wa mwisho, na alimfundisha utenzi mzima akiwa bado hajajua kufunga khanga. Alimpa kuongoza wanawake angali msichana mdogo, wakubwa wakanuna, yeye hakujali.

"Baba, nina swali la utenzi."

"Uliza."

"Pale kwa Mhina, kwa nini tunavuta?"

Kifungo kilimponyoka. Akakitafuta tena.

"Ni majonzi. Nilikwambia zamani."

"Uliniambia. Lakini kwa Kilua aliyefunikwa na gogo hatuvuti. Kwa mwanawe aliyebaki tumboni mwa mama yake hatuvuti. Majonzi yote ya utenzi tunayamwaga kwa aliyewaua?"

Mama aliacha kupembua.

"Tena kina chenyewe, baba. Kishindo, mwendo, kisha..."

"Nani amekufundisha kuhoji vina?"

"Wewe."

Kuni mbichi zililia motoni. Nje wanawake walikuwa wanabishana juu ya chumvi. Mzee Salimu aliutazama moto kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha humo.

"Yule kijana amerudi," alisema mwishowe.

"Amerudi."

"Anataka nini?"

Mwanaisha hakulitegemea swali hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ukali, hata kwa kofi. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba Ramadhani ni mwongo, na sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inaomba asikie hivyo.

"Baba, hujauliza kama ni kweli."

"Nimeuliza anataka nini."

Mzee Salimu akainuka, akavaa kofia yake ya kiua, akaiweka sawa kwa viganja viwili.

"Posa yake naipokea," alisema. "Leo. Nitamwita mjomba wake kabla ya hitima, tushikane mikono watu wakiona. Mahari watatoa wanachoweza, sitawabana. Utenzi utasomwa kama unavyosomwa. Umenielewa, mwanangu?"

Mwaka mzima Mwanaisha alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Alikuwa ameyaombea kwenye sijda. Sasa yamefika, na yamemfikia kama maji ya kisimani ya alfajiri.

"Nimekuelewa."

Mzee Salimu alitoka. Mwanaisha akamgeukia mama yake.

"Ulijua."

"Nimezaliwa hapa, nitaachaje kujua?" Mama aliendelea kupembua mchele. "Nilipokuwa msichana wa kuchumbiwa, ubeti huo ulikuwa na jina jingine. Baba yako alipoleta posa, kaka zangu walimfukuza kama mbwa. Mwana wa Shekiondo? Nani angempa binti? Nililia mpaka nikaumwa. Kisha vita vikaja, baada ya vita ikaja ile homa, wazee wakaisha. Mhina naye akaisha, akaacha mtoto mmoja. Aliyebaki anaujua utenzi wote, mwanzo hadi mwisho, alikuwa baba yako. Basi."

"Basi nini, mama?"

"Basi nikaolewa. Mkazaliwa nyinyi. Ulitaka nifanyeje, nisimame sokoni Lushoto nimtangaze? Nilimpenda. Na wewe unampenda huyo wako, nimekuona unavyozunguka humu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mchukue, funga mdomo, uzae. Mhina ameshakufa, haumwi."

"Bi Hadija hajafa."

Mama alitupa punje mbovu motoni.

"Hadija amezoea," alisema. Lakini hakumtazama binti yake alipokuwa akisema.

* * *

Ramadhani alikuwa anangoja nyuma ya migomba, koti limelowa mabegani. Mwanaisha alimweleza yote, bila kupamba.

"Amemwita mjomba wangu," Ramadhani alisema polepole. "Sikuelewa kwa nini. Nimewaona wanashikana mikono."

"Kwa hiyo utafanya nini?"

Mwanaisha alitegemea akasirike. Kule njiani Ramadhani alikuwa amewaka kama majani makavu. Mwanaisha alikuwa amejiandaa kumshika koti asiende kumwaga kila kitu mbele ya watu. Badala yake Ramadhani aliegemea mgomba, akafumba macho, maji ya majani yakimtiririkia usoni.

"Nakubali," alisema.

"Unakubali?"

"Usinitazame hivyo. Mimi si shujaa. Nimechoka, Mwanaisha. Kila usiku chuoni najiuliza nani atakuoa kabla sijarudi. Sasa naambiwa nikupate, kwa kunyamaza tu. Tumenyamaza miaka yote bila kupata chochote."

"Na mama yako?"

"Atafurahi nikioa."

"Atafurahia wapi? Pale kwenye matone?"

Alifumbua macho. Yalikuwa yamejaa, na Mwanaisha alitamani kumfuta machozi kwa khanga yake na kusema basi, yaishe, twende. Ilikuwa rahisi mno. Ilikuwa mkono tu wa kunyoosha.

"Tutaondoka," Ramadhani alisema. "Nikimaliza nitaomba shule bondeni, Muheza au mbali zaidi. Hakuna atakayejua utenzi huu huko."

"Tukipata mtoto ataitwa nani?"

"Mhina. Ndilo jina letu."

"Tutamleta kwa babu na bibi zake?"

"Lazima tumlete."

"Tutamleta wakati wa hitima. Na nani atakayeongoza wanawake? Mimi. Mtoto wangu atakaa mapajani mwangu, na mimi mwenyewe nitamwimbia kwamba damu yake iliua watu. Nikijua siyo kweli. Halafu akikua atapewa uji akoroge."

Ramadhani alijifuta maji usoni.

"Nimesema nakubali," alirudia, kwa sauti ya mtu anayeshikilia kitu kizito. "Nakuomba na wewe ukubali. Niombe nini kingine? Nipige magoti hapa topeni?"

"Usipige magoti. Koti ni la chuo."

Alicheka kidogo, kicheko chenye kilio ndani. Mwanaisha akamgusa shavu, mara moja, kwa kiganja kizima. Hakumwahidi kitu. Ramadhani aliona kwamba hakumwahidi, na Mwanaisha alipoondoka alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kati ya wanawake.

* * *

Habari ilikuwa imeshaenea. Vigelegele havipigwi siku ya hitima, lakini wanawake walimfinya mapaja alipokaa mkekani na kumnong'oneza masikioni.

"Umempata msomi wako!"

"Mzee Salimu ana roho kubwa. Kuwasamehe watu wale!"

"Ila kamba ya mbuzi wa mahari aishike mtu mwingine, wasije wakamwachia njiani."

Walicheka chini ya khanga zao. Mwanaisha alitazama kando. Bi Hadija alikuwa amekaa palepale, nje ya upenu, kwenye kipande cha gunia. Alikuwa amesikia. Alikuwa anatabasamu kwa sababu mwanawe anaoa, huku tone baada ya tone likimwangukia begani, na hakujisogeza, kana kwamba bega lile halikuwa lake.

Mama yake Mwanaisha alikuja kukaa karibu, akamshika kifundo cha mkono. Kushika kwake kulitosha.

Kurani ilisomwa, dua ikaombwa. Kisha Mzee Salimu akasimama kibarazani, mbele ya wanaume, akakohoa na kuanza utenzi. Sauti yake ilikuwa bado nzuri. Ilipanda na kushuka kama njia za mlimani kwao, na wanawake wakaitikia, Mwanaisha mbele, wengine nyuma yake. Beti za kumsifu Mungu. Beti za msitu na baridi. Ubeti wa wanaume kuamka kabla ya jua.

Ramadhani alisimama mwisho kabisa, karibu na banda la ng'ombe. Hata kutoka mbali Mwanaisha alihisi anatazamwa. Alijua macho yale yanamwomba nini. Na alijua, kwa akili kavu kabisa, kitakachotokea. Baba ndiye walii wake wa ndoa. Akimvunjia heshima mbele ya kijiji, hakuna kadhi atakayemlazimisha kumwozesha. Mkono ulioshikwa leo utaachwa leo hii. Ramadhani atarudi chuoni na jina safi, na siku moja atamwoa mwalimu mwenzake, msichana mzuri, na yeye Mwanaisha atasikia habari hizo akiwa anapalilia viazi.

Akakosa kuitikia mshororo mmoja. Mama alimkaza mkono.

"Mhina na Shekiondo," Mzee Salimu alisoma, na ubeti ule ukapita.

Kisha akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama binti yake. Hakuwa anamtisha. Alikuwa anaomba, yule mzee aliyempakata, na hilo lilikuwa baya kuliko kutishwa.

*Gogo likaja kishindo*
*Kamba ikaenda mwendo*

Mwanaisha aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mama.

*Kaiacha Shekiondo*
*Na wenziwe wako chini.*

Wanawake nyuma yake walikuwa wameshaanza kumvuta Mhina kwa mazoea. Majina mawili yaligongana hewani. Lakini sauti yake ilikuwa ndiyo iliyofundishwa, na ndiyo iliyosikika. Wenzake wakakatika mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alisema "Astaghfirullah" na kuziba mdomo. Wanaume waligeuka. Vikongwe wawili waliokuwa mbele kabisa ndio pekee ambao hawakushtuka. Walitazama chini, wote wawili, kama watoto waliokamatwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

Mzee Salimu alivua kofia yake. Akaishika, akaitazama, akaivaa tena. Kisha akamgeukia mjomba wa Ramadhani aliyekuwa karibu naye, akatikisa kichwa mara moja, na yule mjomba akaelewa, akarudi nyuma. Mzee aliingia ndani ya nyumba yake. Mlango ukafungwa taratibu.

Ramadhani alikuwa ametembea hatua chache kumwelekea Mwanaisha, akasimama katikati ya uwanja, mvuani, mikono imening'inia. Alikuwa analia waziwazi. Mwanaisha alimtazama mara moja, vizuri, kama mtu anayejaza mtungi kabla ya safari ndefu. Kisha akaacha kumtazama, kwa sababu angeendelea angeinuka na kumkimbilia.

"Umetuua," mama yake alinong'ona, uso ndani ya khanga. "Umetuua sote."

Watu walianza kusogea, kutafuta viatu vyao. Utenzi ulikuwa umebaki katikati. Waliokufa walikuwa hawajatajwa, na haikuwahi kutokea hitima ikaisha bila wao kutajwa. Mwanaisha alisimama. Alishika nguzo ya upenu. Mwanamke hakuwahi kusoma sehemu ya msomaji. Aliisoma.

*Wa kwanza kumkumbuka*
*Ni Kilua wa Baraka*

Akanyamaza, kwa kuwa miwili iliyobaki haikuwa yake tena. Ilikuwa ya waitikiaji. Wanawake waliangalia mkeka. Mvua iliongezeka juu ya paa. Alingoja, na alipokuwa karibu kukata tamaa, sauti kavu, isiyojua kuimba, ilitoka nje ya upenu, kwenye matone.

*Gogo lilimfunika*
*Na mwanawe yu tumboni.*

Mwanaisha alimsogelea Bi Hadija, akakaa naye kwenye gunia lililolowa, akaanza jina lililofuata.